Kwetu, kwangu, kwa mwanangu

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mtumishi wa pale Mtumba, amekaa mbele yangu na mama yake pembeni, ananieleza habari za mama huyohuyo kana kwamba hayupo chumbani. "Dokta, tumemkatia tiketi ya SGR aende Dar akaione bahari. Hajawahi kuiona. Amegoma. Ndiyo uzee huo, hamu ya kutembea imekufa."

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, kazi yangu kubwa hapa Dodoma ni familia zenye wazee, na sentensi hiyo nimeisikia mpaka imenichosha. Ndiyo maana naandika. (Mambo kadhaa ya familia hii nimeyabadilisha, wasitambulike.)

Nilimgeukia mama. "Mama, mara ya mwisho umesafiri lini?" Akasema alikwenda msibani Kongwa, miezi miwili iliyopita. Alikwenda na nini? Na Noah, wamejazana mpaka mlango haufungi. Alilala mkekani siku tatu, akapika uji wa watu mia, akarudi magoti yamevimba. Alinisimulia kwa raha kabisa, na majina ya wote aliowakuta. Kijana alikuwa anajua habari za msiba ule, ila hakuwa ameuhesabu kama safari.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tunadhani kupenda kusafiri ni kitu kimoja kinachopungua kadiri miaka inavyokwenda, kama mafuta kwenye kibatari. Ukiwa mtoto, likizo ni kwenda kwa bibi, kulala watoto wanane chumba kimoja na kula embe mbichi mpaka tumbo liume. Ukiwa na miaka ishirini na tano, likizo ni kutoka, uonekane umetoka. Ukifika arobaini, zile siku 28 za sheria ya ajira ya 2004 zinaishia kijijini Desemba: nauli ya watu watano, sukari, vitenge, mabati ya mzee, na ada ya Januari inakusubiri. Hayo mnayajua, sitayakalia.

Ninalotaka kulikalia ni neno "nyumbani", kwa sababu watu wanalitumia ovyo mbele ya wazee wao.

Mtu akikuuliza "kwenu wapi?" hakuulizi unapolala. Mtumishi aliyehamia hapa Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya 2016 amejenga Ilazo, ana mke, ana kuku, ana mzabibu uani, na bado atakujibu, "Kwetu Kasulu." Akitaka ufike anapoishi atasema "njoo kwangu". Maneno mawili, na kijana anaishi nayo yote mawili bila taabu. Kwetu kunashikiliwa na wazazi, kwangu nakushikilia mwenyewe. Sasa msikilize mtu wa miaka sabini na tano. Waliokuwa wanaishikilia "kwetu" yake amekwisha kuwazika wote. Yeye ndiye amekuwa "kwetu" ya wengine. Kilichobaki mkononi mwake ni "kwangu" peke yake.

Mtoe hapo, umlete mjini. Mpe chumba chenye feni, choo cha ndani, televisheni. Kaa naye miaka mitano, halafu jirani yake wa kijijini ampigie simu amuulize yuko wapi. "Niko kwa mwanangu." Hatasema nyumbani. Watoto huumia sana wakisikia hivyo, wanadhani hana shukrani. Anazo. Ila pale hajui chumvi imewekwa kabati lipi, si yeye anayeamua usiku kitapikwa nini, na mtu akipiga hodi si yeye anayejibu karibu. Katika maisha yake yote, asiyejibu karibu ni mgeni. Na mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini yeye hata jembe hapewi. Akiinuka kuosha vyombo anaambiwa, "Pumzika mama, dada ataosha."

Sasa mtu huyo unamwambia umemlipia hoteli ya ufukweni siku nne. Kwako hiyo ni zawadi, na ni zawadi ya upendo, silibishi hilo. Kwake ni kwenda mahali ambako hamjui mtu, hana kazi, na hata kitanda anatandikiwa na mtu baki. Msibani Kongwa anajua akae upande gani, amshike mkono nani, na akichelewa watu wanauliza mbona hajafika.

Yapo maelezo ya kitaalamu ninayoyaamini zaidi kuliko hadithi ya mwili kuchoka. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwauliza watu: una nusu saa huna la kufanya, ungependa kukaa na nani, ndugu wa karibu, mtu mliyefahamiana juzi, au mwandishi wa kitabu ulichosoma? Wazee waliegemea ndugu, vijana walitawanyika. Mpaka hapo unaweza kusema ni uzee. Lakini wazee walipoambiwa wajifikirie wamepata dawa itakayowaongezea miaka 20 ya afya, mwelekeo ule wa kung'ang'ania ndugu ukatoweka. Na kule Hong Kong, kabla ya kukabidhiwa kwa China mwaka 1997, hata vijana walianza kuchagua kama wazee. Walikuwa na nguvu zao zote, ila waliona kuna kitu kinafika mwisho. Kinachotuelekeza ni muda tunaohisi umebaki. Mwenye muda mwingi hukusanya mapya, na anayeuona unakwisha huwarudia wake.

Nina mashaka yangu hapa. Hao waliulizwa kuhusu mtu mmojammoja na nusu saa yake. Wazee wetu wa Ugogo walikulia mahali ambapo nusu saa ya peke yako haikuwepo. Isitoshe, wengi ninaowaona walihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za operesheni za vijiji, wakayaacha matembe yao nyuma. Nimemwona mzee akikunja uso kwa neno "tutakuhamisha" hata kabla hajaambiwa ni wapi. Ni kumbukumbu ile, au ni mizabibu yake ya Mpunguzi tu inayomshika? Sijaweza kuvitenganisha, na simwamini mtu anayevitenganisha kwa kikao kimoja.

Sasa tahadhari, maana nikiishia hapa kuna atakayesema basi mama ameridhika, tumwache. Hapana. Kuna asiyetaka safari lakini anakitaka cha kwake: mizabibu imepogolewa kwa wakati, mlenda umeanikwa, ugomvi wa mpaka na jirani unaendelea. Huyo mwache. Kuna asiyetaka safari na cha kwake pia hakitaki. Kuku hawajalishwa, jumuiya hahudhurii, anaamka saa tisa usiku na halali tena, chakula anasema hakina ladha. Hiyo ni sonona, ina tiba, na ukiiita uzee unamnyima tiba hiyo. Na kuna wa tatu, anayetaka ila hawezi kulitamka linalomzuia. Mzee anayetumia dawa ya presha inayomkojoza hatawaambia wakwe zake kwamba anahitaji gari lisimame kila saa. Atasema tu, "Sipendi safari." Muulize faragha, na aulize mtu anayelingana naye.

Vitabuni hao ni watu watatu tofauti. Kwangu huingia mlangoni wakiwa mtu mmoja. Niliwahi kuiambia familia moja kwamba baba yao ametulia, wasimsumbue. Aliporudi baada ya miezi minne, nguo zote zilikuwa zinampwaya. Ilikuwa sonona, na nilichelewa kuiona. Tangu siku hiyo naanza na usingizi na chakula, safari baadaye.

Mama wa wiki iliyopita analala vizuri na anakula vizuri. Nilimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: kama gari lipo na mafuta yapo, ungekwenda wapi? Hakufikiri hata kidogo. Kilimatinde, kwa dada yake mkubwa, ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa mama yao. Hawajaonana miaka minane.

Walikwenda Jumamosi. Jumatatu kijana ameniandikia kwamba mama amekataa kurudi siku waliyopanga, anaomba aachwe wiki nzima, na amekwisha kushika jiko la dada yake. Nimemjibu ahesabu dawa za presha kama zinatosha siku hizo, na kama hazitoshi ampelekee kabla ya Alhamisi.