1966 mgongoni si umri wa mdoli

Nimetumiwa tena picha ya Barbie aliyetoka kwenye belo la mitumba pale Mwanjelwa, Mbeya, na ujumbe: "Kaka, huyu ni wa 1966, tuanzie laki tano." Hapana. Nimewaambia wauzaji wa soko la SIDO, nimewaambia wa Kabwe, na sasa naandika ili anayeuliza nimpe asome.

Mwaka uliopigwa kwenye kiwiliwili ni wa haki za Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, juu ya umbo hilo. Kalibu lake liliendelea kutumika hadi miaka ya 1990. Mwinue nywele, chungulia ukingo wa shingo: mara nyingi utakuta 1976, kichwa cha toleo la Superstar, nacho kikadumu hadi miaka hiyohiyo. Kiwiliwili 1966, kichwa 1976, nchi ya kutengenezwa Malaysia au Indonesia: huyo ni wa miaka ya themanini au tisini, na wenzake wamejaa duniani. Nchi inakwambia mengi kuliko mwaka. Wale wa mwanzo, wa 1959, walitengenezwa Japani.

Kinachoniudhi zaidi ni upande wa pili. Mtu akishaelewa hayo, anaona miaka miwili tofauti na kutangaza kwamba mdoli ni wa kuungaunga, kwa hiyo ni feki, kwa hiyo atupwe. Viwanda vyenyewe vimeungaunga tangu zamani. Chukua Stinkor, adui wa He-Man yule shujaa wa katuni, mdoli wa mwaka 1985: kichwa ni cha Mer-Man, deraya ya kifuani ni ya Mekaneck, wote wa kundi hilohilo la midoli, na mwili ukapewa rangi nyeusi na nyeupe. Huyo ni halali kabisa, na ukimpata mzima, mnuse. Plastiki yake ilichanganywa na harufu kusudi, na wengi bado wananukia mpaka leo. Umtupe kwa sababu kichwa umekiona kwa mwingine?

Kwa hiyo kuna mchanganyiko wa kiwanda, kuna wa mtoto au muuzaji aliyeziba pengo, na kuna wa fundi aliyekusudia kuumba mhusika mpya. Bei za hawa watatu hazikutani popote.

Askari wa kuchezea wa G.I. Joe ndio wanaochanganywa sana, kwa kuwa wanafunguka kirahisi: skrubu moja mgongoni, na ndani pete ya mpira inayoshika kiuno. Wa 1982 mkono wake hauzunguki juu ya kiwiko; kuanzia 1983 unazunguka. Ukikuta mkono mmoja unazunguka na mwingine hauzunguki, kuna mtu kapita hapo. Tazama kichwa cha skrubu, kama kimeliwa na bisibisi. Zungusha bega taratibu: plastiki ya kiwandani mara nyingi ina rangi yake mpaka ndani, lakini mkono uliopakwa huchubuka pale unaposuguana na kifua, na rangi ya zamani ikachungulia. Mpira mpya wa kiunoni usikutishe, ile ya zamani hukatika yenyewe.

Kwenye bei, aliyeungwa ili kuziba pengo namhesabu kipande kwa kipande, kama vipuri. Gumba zima na nyonga isiyopasuka vina wateja, maana ndipo askari hawa wanapovunjika kwanza. Kazi ya fundi ni habari nyingine: naangalia msasa, viungo kama bado vinacheza, rangi kama haigandi mikononi. Hapo unalipia mkono wa mtu, na akiwa kakata mdoli adimu ili kupata kichwa tu, kazi nzuri hairudishi thamani ile.

Kuna pahala hata mimi nakwama. Funskool ya India na Estrela ya Brazili walitengeneza Joe kwa leseni, wakachanganya vipande na rangi ambazo Marekani hazikuwahi kutoka. Akija mmoja wa hivyo bila kadi ya pakiti yake, skrubu safi, rangi haijachubuka, siwezi kuapa kama kaungwa kiwandani au sebuleni kwa mtu. Namwandikia "asili haijathibitika", na bei naishusha mpaka apatikane mwenzake wa kulinganisha naye.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nitumie mgongo, ukingo wa shingo, nyayo na skrubu. Usimfungue, usimsugue na tina, na laki tano usiitaje kwanza.