Namba ya kati kwenye tairi maana yake nini?

Chuchumaa kando ya gari usome ubavu wa tairi. Utakuta kitu kama 195/65 R15 91H. Wengi tunaijua 15 tu, kwa sababu muuza matairi wa Ngamiani, hapa Tanga, anauliza hiyohiyo: ringi ngapi? Basi 15 ni inchi za ringi. 91 ni alama ya uzito, yaani tairi moja linabeba hadi kilo 615, na H ni mwendo wa juu kabisa linaoustahimili, kilomita 210 kwa saa, ambao hapa hutauhitaji. Ila kama gari linakutikisa kila ukivuka tuta, tazama 65.

Hiyo ni asilimia. Kimo cha mpira kuanzia ukingo wa ringi hadi chini ni asilimia 65 ya upana wa tairi. Upana ni milimita 195, kwa hiyo ubavu una milimita kama 127. Humo ndimo unamokaa upepo, na upepo ndio mto wa kwanza wa gari. Springi na shokapu zinapokea kilichobaki.

Sasa chukua 225/45 R17. Piga hesabu: kimo chote cha tairi ni kilekile, karibu milimita 634, hata spidomita haishtuki. Lakini ringi imekula nafasi ya mpira, ubavu umebaki milimita 101. Gari litapendeza likiegeshwa Raskazone jioni, na kwenye kona litashika barabara vizuri. Likiingia shimoni, ringi ndiyo inayogongwa. Mtu wa safari za Muheza kupandisha Amani ningemwambia abaki na 65. Kufunga ringi kubwa kisha kulalamikia shokapu ni kumwonea fundi bure.

Upepo nao una ugomvi wake. Kipimo kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, si kiasi cha kujaza. Cha gari lako kipo kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo unaweza kukuta 220 kPa. Hiyo ni kama psi 32. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukitoka Segera mchana wa jua, geji inaweza kusoma 36 ulipoacha 32. Usitoe! Ukitoa, kesho asubuhi utakuwa pungufu.

Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili gari liwe laini. Kweli linalainika kidogo, lakini mpira unajikunja kupita kiasi, unapata joto, unalika pande zote mbili, na kwenye lami ndefu ya kwenda Chalinze unaweza kupasuka. Ukizidisha, tairi linalika katikati na kila kokoto utalisikia mgongoni. Namba ya kati ndiyo ya kuchagua kwa ajili ya ulaini, tena siku ya kununua tairi. Kwenye upepo fuata kibandiko.

Baadhi ya vibandiko vina mstari wa pili, wa gari lililojaa. Ukibeba watu watano na machungwa ya Muheza kwenye buti, fuata huo, hasa matairi ya nyuma. Ukishashusha mzigo, rudisha upepo kama ulivyokuwa.