Nyumba ya Mombasa nayo inahesabika

Waswahili wengi wa Uingereza huamini kuwa nyumba uliyo nayo Mombasa au Tanga haikuzuii kutumia akiba ya Lifetime ISA (akaunti ya akiba ya Uingereza ambayo serikali huongezea fedha) kununua nyumba yako ya kwanza London. Sivyo. Sheria inamtaka mtu asiyewahi kumiliki nyumba popote duniani, hata sehemu tu ya nyumba ya urithi.

Kinachoniuma ni hasara. Umeweka pauni 4,000, serikali ikaongeza 1,000. Ukizitoa bila kustahiki, na hujafika miaka 60, unakatwa asilimia 25 ya zote: unabaki na 3,750.

Mwenzi wako akiwa amewahi kumiliki nyumba, wewe hujapoteza haki yako. Kila mtu huangaliwa peke yake.