Kura ya mfugaji huanzia kwenye mizani: kuchagua wawakilishi wa bodi ya ushirika wa sufu

Kila uchaguzi wa bodi unapokaribia, barua za malalamiko huongezeka ofisini kwetu, tunakoshughulikia mashauri ya uchaguzi wa vyama vya ushirika. Nyingi huanza hivi: "Nimezuiwa kupiga kura ilhali mimi ni mfugaji." Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Tatizo lilizaliwa miezi mingi nyuma, siku sufu ilipopimwa, na hakuna aliyelitambua.

Chukua shauri moja tulilolishughulikia. Mama mmoja alifika kituo cha kukusanyia sufu na magunia manne. Kazi yake ilikuwa safi: sufu ya mabegani na ubavuni kivyake, ya tumboni kivyake, vipande vyenye kinyesi vimeondolewa, hakuna hata uzi mmoja wa plastiki ulionasa ndani. Karani alimpongeza, akapima, akaandika stakabadhi. Kwa mazoea tu, akaandika jina la mume. Mama huyo alikuwa amelipia hisa zake mwenyewe na ana namba yake ya uanachama. Lakini masharti ya chama chao yanasema mpiga kura ni mwanachama aliyeleta sufu angalau mara moja katika misimu miwili iliyotangulia. Kwenye daftari mume alionekana misimu yote miwili, mkewe hata mmoja. Siku ya uchaguzi alirudishwa mlangoni, na kwa daftari alilokuwa nalo mkononi, msimamizi hakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wasome stakabadhi pale pale kwenye mizani, kabla sufu haijaingia ghalani. Soma jina, namba ya uanachama, uzito, daraja la ubora na tarehe. Kosa likionekana wakati huo, karani huibatilisha stakabadhi mbele yako, huandika nyingine, na nakala ya ile iliyobatilishwa hubaki kitabuni ikiwa na sahihi zenu wote wawili. Kosa likigundulika baada ya sufu kuchanganywa na ya wenzako na kufungwa kwenye robota, safari inakuwa ndefu: barua ya maombi, maelezo ya karani, uthibitisho wa mtunza ghala, kisha uamuzi wa kikao. Kikao hicho kikiketi baada ya daftari la wapiga kura kufungwa, haki yako ya uchaguzi huo imepita hata kama ukweli uko upande wako.

Kabla ya kufungwa, daftari la awali hubandikwa kwenye vituo ili wanachama walikague. Tunapomuuliza mlalamikaji kama alilikagua, jibu huwa, "Nilijua jina langu lipo." Ndugu mwanachama, huwezi kujua pasipo kusoma. Daftari hubandikwa kwa ajili hiyo tu. Anayekuta kasoro hujaza fomu ya marekebisho, hupewa nakala iliyogongwa muhuri, na nakala hiyo ndiyo ushahidi wake baadaye. Maelezo ya mdomo kwa mjumbe uliyekutana naye njiani hayahesabiki.

Lalamiko la pili kwa wingi linahusu uzito wa kura. Mwenye kondoo elfu mbili huuliza kwa nini awe sawa na mwenye kondoo kumi na watano. Swali hilo ni la haki na lina jibu. Vyama vya ushirika wa msingi hufuata kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Ni desturi iliyotokana na waanzilishi wa chama cha ushirika cha Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, na imo katika kanuni za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995. Ipo mifumo mingine katika biashara ya sufu. Australia, kwa mfano, wafugaji wanapopiga kura ya WoolPoll kuamua kiwango cha tozo ya sufu, idadi ya kura hutegemea tozo ambayo kila mmoja amelipa. Lakini hiyo ni kura ya tozo. Ndani ya ushirika, mwenye sufu nyingi hupata haki yake kwenye malipo, yanayofuata kilo na daraja. Kwenye sanduku la kura mko sawa. Vyama vya ngazi ya juu, ambavyo wanachama wake ni vyama vingine, vinaweza kupanga kura kwa namna tofauti, na hapo masharti ya chama chenu ndiyo yatakayosema.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi kuliko yote: kumchagua mtu "atupandishie bei". Mjumbe wa bodi hapandishi bei ya sufu. Mnunuzi huangalia unene wa unyuzi kwa maikroni (sehemu ya elfu moja ya milimita), urefu wake, uimara wake, rangi, kiasi cha mbegu na majani yaliyonasa, na kiasi kitakachobaki baada ya kuosha, kwa kuwa sufu ghafi hubeba mafuta, jasho na vumbi vinavyoweza kufika theluthi ya uzito au hata zaidi. Hakuna mkutano mkuu unaoweza kupiga kura unyuzi wa maikroni 32 ukawa wa maikroni 20.

Bodi huamua mambo mengine, na hayo ndiyo mgombea aulizwe: sufu iuzwe lini na kwa njia gani, kiasi gani kikatwe kwa usafiri na upangaji wa madaraja, meneja awe nani, hoja za mkaguzi wa hesabu zijibiwe vipi. Zaidi ya yote, malipo ya awali yawe sehemu gani ya bei inayotarajiwa. Hapa naomba tutulie kidogo. Ushirika wa sufu kwa kawaida humlipa mfugaji kwa awamu mbili: kiasi cha kwanza anapoleta sufu, na salio baada ya sufu yote ya daraja lake kuuzwa na gharama kutolewa. Mgombea anayeahidi malipo makubwa ya awali hushangiliwa sana. Lakini fedha hizo hulipwa kabla sufu haijauzwa, na mara nyingi ni za mkopo. Soko likishuka kati ya kupima na kuuza, chama kitakuwa kimemlipa mfugaji zaidi ya sufu ilivyoingiza, na pengo hilo litazibwa kwa akiba au kwa mapato ya msimu unaofuata. Tumeona vyama imara vikiyumba kwa uamuzi huu mmoja. Muulize mgombea: bei ikianguka, utaziba wapi? Mwenye jibu la hesabu msikilizeni, hata kama si msemaji hodari.

Wawakilishi huchaguliwa kwa kanda ili sauti za maeneo yote zifike. Ndivyo inavyofanyika pia British Wool, taasisi ya wafugaji wa Uingereza ya kuuza sufu iliyoanzishwa mwaka 1950, ambako wafugaji huchagua wajumbe wa bodi kwa kanda. Lakini ukishaingia kwenye bodi unawajibika kwa chama kizima. Mjumbe anayelazimisha gari la sufu lipite kwao kwanza kila msimu anavunja wajibu wake, hata kama watu wa kanda yake wanamsifu.

Kuhusu kugombea, masharti ya vyama vingi yanafanana. Fomu ya mapendekezo hutiwa sahihi na anayependekeza na anayeunga mkono, wote wakiwa wanachama hai wa kanda hiyo hiyo. Sahihi ya mtu wa kanda nyingine huiangusha fomu, na hatuna mamlaka ya kuinusuru. Fomu ikifika baada ya saa ya mwisho haipokelewi. Mgombea hutamka kwa maandishi deni lake kwa chama na biashara yoyote inayogongana na ya chama. Anayenunua sufu kwa wafugaji kwa faida yake binafsi hawezi wakati huo huo kukaa kwenye kikao kinachopanga siku ya kuuza. Akificha jambo hilo na likagundulika kabla ya kura, jina huondolewa. Likigundulika baada ya kushinda, nafasi hutangazwa wazi, uchaguzi wa kanda hurudiwa, na anaweza kusimamishwa uanachama au kudaiwa hasara iliyothibitishwa.

Zawadi nazo zina mpaka. Mkasi wa kunyolea au dawa ya kuogeshea kondoo inayogawiwa na mgombea wiki moja kabla ya kura ni hongo, hata ikiitwa msaada. Aliyepokea naye anahojiwa. Hatusemi hivi kumtisha mtu. Tunasema kwa sababu wengi wametuambia hawakujua.

Siku ya kura, kama masharti yenu yanaruhusu kumwakilisha asiyeweza kufika, barua ya uwakilishi iwasilishwe mapema na itaje mkutano husika. Barua ya jumla isiyo na tarehe hukataliwa. Sanduku hufunguliwa tupu mbele ya mawakala wa wagombea, hufungwa kwa lakiri, na namba ya lakiri huandikwa. Wakala anayo haki ya kuinakili namba hiyo, na tunamshauri aifanye kazi hiyo badala ya kulalamika jioni kwamba sanduku lilibadilishwa.

Asiyeridhika na matokeo huwasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na masharti, akitaja kanda, kifungu anachoamini kimevunjwa na ushahidi alionao. Nakala ya stakabadhi na ya fomu ya marekebisho ziambatishwe. Karatasi za kura hubaki zimefungwa kwa lakiri hadi muda huo upite, na pingamizi likiwepo, hadi uamuzi utolewe. Yule mama wa magunia manne aliomba marekebisho msimu uliofuata, safari hii akiwa na stakabadhi yenye jina lake. Uchaguzi uliofuata alipiga kura asubuhi na mapema, na mumewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni.