Kaa wa bara na yale wanayosingiziwa

Jumamosi moja nilisimama mbele ya meza ya samaki pale Soko la Jiji, barabara ya Muindi Mbingu, Nairobi. Kijana muuzaji alikuwa na kaa wawili wakubwa, magando yao yamefungwa kwa kamba. Nikamweleza kwamba juma lililotangulia nilimwona kaa kwenye kijito cha Aberdare, huko juu kwenye baridi. Akatabasamu. "Mzee wangu, kaa ni wa Mombasa. Huku bara ni tilapia na omena." Hakunidharau. Alisema tu kile ambacho watu wengi mjini huamini, na ndicho kilichonifanya niandike haya.

"Bara hakuna kaa"

Wapo, tena wengi. Yule wa mezani ni kaa wa mikokoni, mwana wa bahari. Wa Aberdare ni wa ukoo mwingine kabisa, familia iitwayo Potamonautidae. Karibu kaa wote wa maji baridi wa Afrika kusini mwa Sahara wamo humo, pamoja na wa Madagaska na Shelisheli. Ina zaidi ya spishi 100, na jenasi yake (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) kubwa kuliko zote ni Potamonautes. Vijito wanamoishi ni vya milima ile ile inayojaza bwawa la Ndakaini, kwa hiyo mkazi wa Nairobi anapofungua bomba, anakunywa maji yatokayo nyumbani kwa kaa.

"Kaa wa mtoni hushuka baharini kuzaa"

Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma, na ndilo linaloficha jambo kubwa kuliko yote. Kaa wa baharini hutaga mayai mengi mno. Yakianguliwa hutoa mabuu madogo yanayoelea na kuchukuliwa na mikondo. Kaa wa mtoni hana hatua hiyo hata kidogo. Mayai yake ni machache na makubwa, yana kiini cha kutosha, na kinachotoka ndani ni kaa kamili.

Siku ile niliinua jiwe, nikamshika mmoja nyuma ya ganda kwa vidole viwili, nikamgeuza. Mkia wa kaa umekunjwa tumboni: kwa dume ni mwembamba kama pembetatu, kwa jike ni mpana kama kifuniko. Huyu alikuwa jike. Kifuniko kilipofunguka kidogo nikaona wanawe wamesongamana, kila mmoja kama punje ya dengu, rangi ya chai ya maziwa, na magando yake madogo tayari. Mmoja alinitambalia kidoleni. Nikamrudisha kwa mama yake, nikarudisha na jiwe mahali pake.

Kwa kuwa hakuna mabuu ya kusafiri, kaa hawa hawahami kirahisi. Ukingo unaotenga mto na mto ni ukuta kwao, ndiyo maana spishi nyingine zina eneo dogo mno. Potamonautes platycentron anajulikana kutoka Ziwa Chala, lile la kreta mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kaa wa mtoni wakiisha mahali, bahari haileti wengine.

"Walibaki bahari ya kale ilipokauka"

Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuolojia Mwingereza, J.E.S. Moore, aliona konokono na kaa wa Ziwa Tanganyika wanafanana na wa baharini, akadai ziwa hilo liliwahi kuunganika na bahari. Hoja ilivutia, lakini haikusimama. Kaa wa Tanganyika, jenasi Platythelphusa, ni ndugu wa kaa wa mito ya Afrika, nao waligawanyika kuwa spishi mbalimbali humo humo ziwani. Gando nene la Platythelphusa armata ni chombo cha kuvunjia konokono wenye ganda gumu. Kazi moja huleta umbo moja, hata kwa wasio ndugu.

"Kaa ni kaa, wote sawa"

Sura imewadanganya hata wataalamu. Katika pwani yetu yuko Deckenia, ambaye mifereji yake ya pumzi hufika hadi ukingo wa mbele wa ganda, karibu na macho. Kwa ajili hiyo aliwahi kupewa familia yake mwenyewe. Leo amerudishwa ndani ya Potamonautidae, na ndugu yake wa karibu ni Seychellum wa Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 ng'ambo ya maji ya chumvi. Vipimo vya jeni vinaelekeza kwamba mababu walivuka bahari, pengine juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko. Kwa mnyama asiyehama kirahisi, ni safari ya ajabu.

Kaskazini mwa Sahara mambo hugeuka. Potamon wa Moroko, Algeria na Tunisia ni wa familia nyingine, jamaa za kaa wa Ulaya na Asia. Ila Potamonautes niloticus ameufuata Mto Nile hadi Misri.

Wala si lazima kaa akae mtoni. Potamonautes raybouldi, aliyepewa jina mwaka 2004, huishi ndani ya mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua, katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania.

"Kaa huleta upofu"

Hapa pana chembe ya kweli iliyopotoshwa. Ugonjwa wa usubi, unaoweza kupofusha, husababishwa na minyoo wanaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaouma. Magharibi mwa Kenya inzi huyo alikuwa Simulium neavei, na mabuu yake yalitafutwa kwenye mawe na majani ya mtoni yasionekane. Mwaka 1950 watafiti Van Someren na McMahon walitangaza yalikokuwa: yamejishikiza kwenye ganda la kaa. Kaa ni mbebaji tu wa mabuu. Hana minyoo hiyo wala hamwambukizi mtu. Katika miaka ya 1950 inzi huyo alitokomezwa Kenya kwa kutia mitoni dawa ya kuua wadudu, DDT.

"Wale wekundu wa Naivasha ni kaa"

Hapana. Ni kamba wa maji baridi kutoka Marekani, mwenye mkia mrefu ulionyooka nyuma, aliyeingizwa ziwani mwaka 1970. Afrika bara haikuwa na kamba wa aina hiyo kabla ya kuletwa na watu. Mwenyeji wa maji yale ni Potamonautes loveni.