Great Barrier Reef si ukuta mmoja

Miaka nenda miaka rudi watu husema Great Barrier Reef, matumbawe ya baharini huko Australia, ni kiumbe kimoja, ukuta mzima wa kilomita 2,300. Sivyo. Ni miamba karibu 3,000 iliyoachana, iliyojengwa na vinyama laini, vingi vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo usiku hunyoosha minyiri kunasa chakula. Tena hifadhi ya bahari inayoizunguka, iliyoanzishwa mwaka 1975, ina kilomita za mraba 344,400, na miamba ni kama asilimia 7 tu! Kwingine ni mchanga, vilindi na nyasi za baharini. Kwenye nyasi hizo ndiko nguva hujilia, aking'oa hadi mizizi na kuacha mfereji mwembamba nyuma yake, utadhani jembe limepita.