Je, wajua kwa nini betri ya foklifti huwa hatari zaidi inapokaribia kujaa chaji?

Kwenye magodauni ya Shimanzi na kandokando ya bandari ya Kilindini, foklifti ni chombo cha kila siku. Zile za umeme hubeba betri ambazo kubwa zake hupita tani moja, na uzito huo ni wa makusudi: ndio unaoizuia foklifti isibinuke mbele inapoinua mzigo. Ndani ya nyingi kati yake mna sahani za metali iitwayo risasi zilizozama kwenye maji ya asidi.

Wengi huogopa shoti. Shoti ni ya kuogopwa, lakini mimi naihofia zaidi gesi. Betri ikichajiwa, umeme hutumika kwanza kuzirudisha zile sahani katika hali yake ya mwanzo. Kazi hiyo ikikaribia kwisha, umeme unaoendelea kuingia huanza kuyavunja maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo yale mapovu unayoyasikia, na ndiyo sababu betri hupungua maji kila mara. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua: spana iliyoangukia vichwa vya betri, klipu iliyochomolewa kabla chaja haijazimwa, au sigara.

Tena gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, kwa hiyo hupanda na kujikusanya chini ya mabati. Dirisha la chini peke yake halitoshi. Lazima pawe na tundu juu. Godauni linalofungwa kabisa usiku kwa kuogopa wezi, huku betri zikichajiwa ndani, ni hatari kubwa.

Maji ya betri nayo huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, kwani wakati wa kuchaji hupanda na yanaweza kufurika yakiwa na asidi. Ikikurukia machoni, osha kwa maji safi tele kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali.

Betri ikichoka huuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Wapo wanaoipasua uani na kumwaga asidi mtaroni, nayo asidi hiyo tayari imebeba risasi, ambayo haiozi. Mombasa tunayajua madhara yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, alipata habari kuwa mwanawe mchanga ana risasi kwenye damu. Akapigania mtaa mzima, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufaa na fidia ikafutwa, na ni Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia hiyo.

Watoto ndio huumia zaidi. Huchezea mchanga kisha wakatia mikono mdomoni, na miili yao hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko ya mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kisicho na madhara. Vumbi lake hufika nyumbani hata kwa ovaroli ya baba. Fundi wa betri aoge na kubadili nguo kazini, na ovaroli yake isifuliwe pamoja na nguo za watoto.